Furaha ya Hatua Ndogo

Wapendwa wanandoa, Bwana Yesu alimponya kipofu wa Bethsaida, mji wa kando ya ziwa kama Kisumu yetu, kwa hatua mbili (Marko 8:22-26). Kwanza aliona watu kama miti inayotembea. Yesu hakumkemea kwa kuona nusu. Alimwekea mikono tena.

Basi mtoto wenu anayechelewa kukua msimpime kwa mtoto wa jirani. Akifika miaka minne ndipo akashika kijiko mwenyewe, hiyo ni neema. Baba, ukirudi kutoka ziwani au soko la Kibuye, uliza kwanza: "Leo ameweza nini?" Usiku huo ongezeni maziwa katika chai, mkamshukuru Mungu pamoja. Ishirikisheni na jumuiya ndogo ndogo furaha yenu.

Wako watakaonong'ona kwamba ni chira, na mume akaanza kumlaumu mke. Yesu alikwisha kuikataa lawama hiyo (Yohane 9:3). Tangu 1984 serikali ya Kenya ina vituo vya kuwapima watoto wa namna hii: nendeni wote wawili. Lawama hubomoa ndoa, shukrani huijenga.

Mungu azibariki familia zenu.