Je, "Ajali Haina Kinga" ni Udhuru Mbele ya Mungu?

Msiba wa kazini unapotokea, watu wengi husema, "Ajali haina kinga," kisha huongeza kwamba ilikuwa amri ya Mungu. Maneno hayo huwafariji waliofiwa, wala si vibaya kuyasema matangani. Lakini yanaposemwa na yule aliyepewa dhamana ya roho za watu, hapana budi tuulize: Je, hiyo ni imani au ni udhuru?

Tutazame jambo lililotokea Tanzania. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere, kikitoka Bugolora, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Na miaka 22 kabla yake, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilikuwa imezama katika ziwa hilo hilo ikiwa imejaza kupita kiasi, wakafa mamia ya watu. Basi mwaka 2018 hapakuwa na mwenye dhamana wa kusema kwamba hakujua hatari ya kujaza chombo.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 195, humhesabu kuwa ameua bila kukusudia si yule tu aliyetenda tendo lisilo halali, bali pia yule aliyeacha kwa uzembe kutimiza wajibu wa kulinda uhai. Adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha.

Wengine huuliza: Yawezekanaje kumwadhibu mtu ambaye hakumtakia yeyote mabaya? Jawabu ni kwamba haadhibiwi kwa chuki asiyokuwa nayo. Aliyeijua hatari, akawa na uwezo wa kuizuia, asiizuie, amechagua. Hakuchagua kifo, lakini alichagua kuhatarisha uhai wa wenzake kwa ajili ya nauli au kwa uvivu tu.

Kurani Tukufu, katika Sura ya Nne, haimweki aliyeua kwa kukosea sawa na aliyekusudia, lakini pia haimwachi aende zake. Yampasa kuwalipa diya jamaa wa marehemu, isipokuwa wakisamehe, na kutoa kafara mbele ya Mwenyezi Mungu. Ikiwa kosa lisilo na uzembe lina deni, je, uzembe wa mtu anayejua? Naye Mtume Muhammad (s.a.w.) alimwagiza mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo amtegemee Mungu.

Wala si haki lawama yote imwangukie mtumishi mdogo. Mshika usukani ana sehemu yake; lakini mkubwa aliyearifiwa ubovu akanyima fedha za matengenezo ana sehemu kubwa zaidi, kwa kuwa uwezo wake wa kuzuia ulikuwa mkubwa zaidi.

Jambo hili si la meli tu. Mkazi wa Kihurio, chini ya milima ya Upare, analifahamu vema. Tajiri akilituma lori lenye breki mbovu kuteremka mlimani, au msimamizi akiuona ufa katika ukingo wa ndiva asiwaite watu kuuziba, kisha watu wakafa, atamsingizia Mungu?

Ndugu msomaji, subira ni ya waliofiwa. Mwenye dhamana wajibu wake ni kukagua kabla ya safari, na kujibu maswali baada ya msiba.