Tuwaambie Nini Watoto wa Dzaleka?

Ndugu zangu, kabla hatujapanda basi hapa Lilongwe kwenda kufundisha sayansi ya ubongo katika shule za Dzaleka, kuna jambo nataka tulikubaliane.

Kambi hiyo ya wilaya ya Dowa ilikuwa gereza kabla ya kupokea wakimbizi mwaka 1994. Ilikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Lugha haitatusumbua, Kiswahili tunacho sote. Linalonisumbua ni somo lenyewe.

Tumeandaa sehemu inayoeleza jinsi hofu ya muda mrefu na homoni ya kotisoli zinavyoweza kudhoofisha hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kuweka kumbukumbu. Ni kweli. Lakini anayesikiliza ni mtoto wa darasa la saba aliyekimbia vita Kivu. Tukishafunga kompyuta tukaondoka, atalala akijiuliza kama kichwa chake kimeharibika.

Baadhi yenu mmesema tuifute. Napinga. Kumficha mtu elimu kwa kumwonea huruma nako ni kumdharau. Katika sura ya Abasa, Abdullah bin Umm Maktum, kipofu, alikuja kutafuta elimu wakati Mtume (s.a.w.) akizungumza na wakubwa wa Makureshi, na aya zikateremka kwa ajili yake. Anayekuja kuuliza ana haki ya kujibiwa, tena jibu zima.

Letu ni nusu. Mwaka 2000, Eleanor Maguire na wenzake walionyesha kwamba madereva wa teksi wa London, waliohifadhi maelfu ya mitaa, sehemu ya nyuma ya hipokampasi yao ilikuwa kubwa kuliko ya watu wengine. Mwaka 2011 wakaonyesha kuwa kwa wanafunzi wa udereva waliofaulu mtihani, sehemu hiyo iliongezeka kadiri walivyojifunza. Na hao ni watu wazima! Mtoto aliyehifadhi juzuu nzima madrasani atalielewa hili haraka kuliko sisi.

Ila tusimwambie kwamba naye atakuwa daktari wa ubongo. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini. Njia ya kutoka pale kwenda chuo kikuu hatuishiki sisi, na ahadi ni deni.

Tunachoweza kuahidi ni kurudi. Maswali yao hayataisha siku moja, na mengine tutahitaji kwenda kuyasoma kwanza. Fedha tulizotenga kwa ajili ya fulana zinatosha nauli ya safari mbili zaidi. Naomba tulipigie kura Ijumaa, baada ya swala.