Haki ya Kukiita Kitabu Kibaya

Imezuka tena siku hizi, katika mabishano juu ya vitabu, kauli inayoudhi kuliko inavyoonekana: kwamba mchimbaji mdogo wa dhahabu wa Kharumwa anayesoma Musiba mwezi huu na Kezilahabi mwezi ujao anaweza kusema amefurahi au amechoka, lakini hana mamlaka ya kusema kitabu ni kizuri au kibaya. Hisia ni zake. Hukumu ni ya wahakiki. Maana ya uhakiki, ya fasihi na ya ladha naziacha kama zinavyofundishwa sekondari, kwa kuwa ugomvi wangu hauko huko. Ninachodai ni kwamba maoni ya msomaji ni hukumu kamili, yanastahili kujibiwa kwa hoja, na anayeyajibu kwa kuuliza msemaji amesoma mpaka darasa la ngapi hajajibu kitu.

Kila aina ya kitabu humpa msomaji ahadi yake. Elvis Musiba, katika Kikosi cha Kisasi cha mwaka 1979, anaahidi hatari, mwendo wa kasi na mpelelezi Willy Gamba asiyelala; kumlaumu kwa kukosa tafakuri ya Kichwamaji ya Kezilahabi ni kumdai mtu deni asilolikopa. Aniceti Kitereza naye anaahidi kinyume chake kabisa. Katika Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume aliyenyang'anywa mke na wakwe kwa sababu ya ukosefu wa mtoto analazimika kurudi ukweni kwa unyenyekevu na kutengeneza pombe ya ndizi kama faini. Mwandishi hatupunguzii hata salamu moja njiani. Wapo wanaosema kitabu kinajivuta. Aliyekulia kandokando ya Ziwa Victoria anaweza kujibu kwamba mwendo huo ndio adabu yenyewe ya ukweni, na kuuharakisha kungekuwa kumvunjia heshima mkwe. Hiyo ni hoja ya uhakiki, tena nzito, na haikuhitaji kibali cha mtu. Kwa hiyo msomaji anayevuka kutoka upelelezi kwenda riwaya ya mila, na kutoka hapo kwenda ushairi, yuko mahali pazuri zaidi pa kuhukumu kuliko aliyejifungia kwenye aina moja, maana huyu wa pili huishia kuifanya ahadi ya kitabu akipendacho kuwa sheria ya vitabu vyote.

Hapo ndipo huletwa pingamizi linalonikera: bila nadharia, msomaji hajui anachokiona. Linasemwa kwa upole, kama ushauri, na ndiyo maana linadhuru. Tulitazame basi katika mambo yaliyotokea. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971, watu wenye elimu na mamlaka waliona haifai kuingia shuleni. Baadaye riwaya hiyohiyo ikawekwa mikononi mwa wanafunzi isomwe na kutahiniwa. Waliobadilika ni waamuzi. Na walichokipita kilikuwa wazi tangu kurasa za mwanzo: Zakaria anamkuta binti yake Rosa na barua ya kijana Charles, anampiga, na kuanzia hapo msichana anajifunza kumwogopa mwanamume kabla ya kumjua. Mzazi mwenye binti, hata kama hajawahi kusikia neno uhalisia, anaweza kuonyesha kwa kidole kwamba mwandishi ameuweka uharibifu nyumbani, katika mkono wa baba, kabla hajaupeleka chuoni. Waliokuwa wakihesabu aya za aibu hawakufika hapo. Nadharia waliyokuwa nayo haikuwaonyesha njia.

Kuna ubaya zaidi. Mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kununua mwongozo uliotolewa kopi, akakariri dhamira, migogoro, ujumbe na msimamo wa mwandishi, akaingia kwenye mtihani bila kufungua riwaya yenyewe, na akapata alama. Maneno yake yanahesabiwa kuwa uhakiki. Aliyesoma kitabu kizima kwa mwanga wa tochi baada ya kutoka duarani, yaani shimoni, akasimulia kilipomshika na kilipomwachia, anaambiwa hayo ni maoni tu. Yaani nadharia bila kusoma inatambuliwa, na kusoma bila nadharia kunadharauliwa! Mchimbaji huyohuyo akiokota mbale, yaani jiwe la mgodini, akaitwanga, akaiosha kwenye karai na kusema mshipa huu una dhahabu au hauna, wenye fedha wanamsikiliza, wala hawamwombi shahada ya jiolojia, kwa kuwa ameona miamba mingi na kulinganisha. Mwanafalsafa David Hume, mwaka 1757, alipotaja sifa za mwamuzi mwema wa sanaa, aliweka mazoezi, ulinganishaji na moyo usio na upendeleo. Cheti hakimo.

Ni kweli kwamba kupendwa na wengi si sawa na kuwa bora, na ni kweli pia kwamba palipo na vitabu vichache ulinganishaji hukosa upana. Mapingamizi haya nayakubali.

Lakini Usukuma wenyewe, anakochimba huyo mchimbaji wetu, umekuwa na namna ya kuhukumu sanaa ambayo sichoki kuifikiria. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyohusishwa na Ngika na Gumha, washindani wa karne ya 19, hukutana baada ya mavuno na kucheza kwa wakati mmoja, kila upande na uwanja wake. Hakuna meza ya majaji. Watu wanatazama, wanahama, wanakimbilia upande unaowavuta, na wenye umati mkubwa ndio washindi. Kila mtazamaji anapiga kura kwa miguu yake, na anaweza kuibadili wimbo ukipoa. Mchezaji hawezi kumwambia mtazamaji kwamba hana nadharia. Inambidi atunge upya, alete mtindo mpya, amrudishe. Naupenda mfumo huu kwa sababu unamdai msanii ajibu.

Ila ngoma hizo hizo zinanitatiza. Wachezaji walileta nyoka na nungunungu uwanjani, na iliaminika kwamba zipo dawa za kuvuta umati. Basi miguu ilipokimbia, ilikimbilia ufundi au ilikimbilia kioja? Aliyevutwa na aliyeridhishwa husimama mahali pamoja, na kwa macho hawatofautiani. Vivyo hivyo kwa Nagona, riwaya ya Kezilahabi ya mwaka 1990, ambayo wasomi wanaitukuza na wasomaji wengi wanaiweka chini kabla ya mwisho. Kwa hoja yangu, kuiweka chini ni hukumu, na watetezi wa Kezilahabi wanapaswa kuijibu. Ila sijaona bado namna ya kumtofautisha msomaji aliyeikataa Nagona kwa kuwa ilivunja ahadi yake na yule aliyeikataa kwa kuwa hakuna nyoka uwanjani.