Kichwa ni cha Nani?

Je, ajikingaye kichwa ni mwoga? Swali hili lilinijia Mchukwi, kando ya barabara iendayo Kilwa. Kijana wa bodaboda alimpakia abiria, na kofia ngumu akaitundika kwenye usukani. Nilipomwonya alicheka, akasema kichwa ni chake.

Fikira hiyo ina wenziwe mbali. Katika magari ya mashindano ya Formula 1 dereva huketi kichwa wazi juu ya gari. Mwaka 2014, huko Japani, Jules Bianchi aligonga trekta lililokuwa likiondoa gari jingine, akaumia kichwa. Alifariki mwaka 2015. Tangu mwaka 2018 kila gari la mashindano hayo lazima liwe na halo, yaani upinde wa titani uliozunguka kichwa cha dereva. Romain Grosjean alikuwa miongoni mwa walioupinga. Mwaka 2020, huko Bahareni, gari lake lilipasua kizuizi cha chuma, likawaka moto. Upinde ulimkinga kichwa. Alitoka hai, akausifu upinde alioukataa.

Upinde haukumpunguzia ushujaa, ulimbakishia uhai wa kuutumia. Basi kijana wetu hakusema kweli yote. Kichwa chake kina sehemu ya mama aliyemzaa na ya watoto watakaomtegemea; na kichwa cha abiria hakikuwa chake hata kidogo. Ushujaa ni kuikabili hatari isiyoepukika. Kuiacha kinga iliyo mkononi ni kukopa deni ambalo wengine watalilipa. Kofia iliyotundikwa hukinga usukani, na usukani hauna ubongo.