Ndoo ya Saba

Asubuhi ya tarehe 30 Septemba 1999, katika kijiji cha Tokai nchini Japani, wafanyakazi watatu walikuwa wakitayarisha urani kwa ajili ya kinu cha majaribio. Kanuni iliruhusu kilo 2.4 tu kwa mara moja. Wao walimimina ndoo baada ya ndoo, hadi tangi likawa na kilo kama 16. Walipofika ndoo ya saba, mwanga wa buluu ulimulika na ving'ora vikalia.

Ndugu msomaji, ajali hiyo haikuanza siku ile. Kwa miaka kadhaa kampuni ilikuwa imebadilisha utaratibu bila idhini ya serikali, urani ikayeyushwa kwenye ndoo za chuma cha pua ili kazi iende haraka. Safari hii wakakiacha hata chombo chembamba kilichoundwa kuzuia mmenyuko wa mnyororo wa nyuklia, wakatumia tangi pana. Wafanyakazi hawakuwa wamefundishwa vya kutosha juu ya hatari hiyo. Dalili zote zilionekana, ila kwa kuwa jana hakuna aliyeumia, leo hakuna aliyeuliza.

Mwanga ule ulipomulika, miili ya wale watatu ilipenywa na mionzi ya gama pamoja na nyutroni. Ndani ya uboho wa mifupa zimo seli shina zinazozalisha damu yote, nazo ni dhaifu sana mbele ya mionzi. Majeraha ya gama hutawanyika, na dozi ikiwa ndogo seli hurekebisha mengi. Nyutroni huyasonganisha mahali pamoja na kukata nyuzi zote mbili za DNA, hata seli ikashindwa kujitibu. Kwa hiyo dozi ileile ya nyutroni hudhuru zaidi.

Mmoja alipandikizwa seli shina za ndugu yake wa kike, mwingine za damu ya kitovu. Lakini ngozi na utumbo pia vilikuwa vimeharibika, na wote wawili wakafariki. Wa tatu, aliyekuwa mbali zaidi na tangi, alipona.

Tusiwahukumu. Mimi nawe, kazi ikitubana na wakubwa wakihimiza, tunaweza kuruka hatua ya usalama vilevile, iwe kwenye chumba cha eksirei au kiwandani. Ukiona kanuni ya usalama inavunjwa na hakuna anayeshtuka, simamisha kazi uulize, hata kama wewe mwenyewe umeivunja mara nyingi bila kudhurika.