Huzuni ya Mzee Aliyeshindwa na Saumu

Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake.

Amma baad. Ndugu zangu Waislamu, iko huzuni iwashikayo wazee wetu kila uingiapo mwezi wa Ramadhani, nayo yawauma kuliko magoti yao. Mzee aliyefunga tangu ujana wake hushindwa na mwili, akala mchana kwa kujificha kama mwizi, na moyoni akasema: Mola wangu amenitupa. Wengine huona afadhali wafe na saumu zao. Huo si uchaji, ni kutoijua dini.

Katika Sura ya Rum Mwenyezi Mungu ametwambia ya kuwa ametuumba katika udhaifu, kisha akatupa nguvu, na baada ya nguvu akatia udhaifu na mvi. Basi udhaifu huo watoka kwake Yeye aliyetoa nguvu. Vipi atakuhesabia kuwa ni kosa lako? Anas bin Malik (r.a.), aliyemtumikia Mtume miaka 10, alipokuwa mzee hata asiweze kufunga, alikula, na kila siku akamlisha maskini mkate na nyama. Ni nani katika sisi amzidiye Anas kwa kumcha Mungu?

Na sala ni kadhalika. Imran bin Husein alikuwa na bawasiri, akamuuliza Mtume (s.a.w.), naye akamwamrisha asali kwa kusimama, asipoweza, kwa kukaa, asipoweza, kwa ubavu. Wala thawabu za faradhi hazimpungukii mwenye udhuru kwa kukaa kwake. Tena Bukhari amepokea ya kwamba mgonjwa huandikiwa yale aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mzima. Daftari ya mzee, basi, haijafungwa.

Nanyi vijana, mwajua ya kuwa Kurani imekataza hata kuwaguna wazazi. Na kumwambia baba, "Wewe kaa tu, huna kazi," je, si zaidi ya kuguna? Mketisheni barazani, mtakeni shauri.

Ama fidia, katika madhhabu yetu ya Shafi ni kibaba kimoja kwa kila siku, cha chakula cha mji, nacho kwetu ni mchele, apewe fakiri au maskini. Wala mzee huyo hana saumu ya kulipa. Haitolewi kabla ya Ramadhani kuingia. Na mtoto akimtolea babake kwa idhini yake, yajuzu.