Kabla Hujabonyeza Kubali

Mwanangu, najua una haraka. Nimekutazama ukifungua simu mpya: kubali, kubali, kubali, kidole kinatangulia, macho hayajafika. Sikulaumu. Nimefanya kazi ya saiba hapa Machakos mjini miaka mingi, jirani na steji ya matatu, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuwabonyezea watu neno hilo hilo. Hawakuwa wamesoma hata mstari mmoja. Nami sikuwasomea.

Wacha nikueleze habari ya daftari langu.

Watu walikuja kupiga ritani za kodi za KRA, hasa wiki ya mwisho ya Juni, foleni ikitoka nje hadi kwa muuza mahindi. Wengine walitaka mkopo wa masomo wa HELB, wengine cheti cha tabia njema. Mama wa sokoni hana barua pepe, namfungulia. Hana nywila, namtungia. Mwaka unaofuata anarudi amesahau yote. Basi nikanunua kaunta buku nikawa naandika: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, PIN ya KRA, nywila. Nilidhani ni wema, na kweli ulikuwa wema. Mama akija analia kwamba akaunti imemkataa, nafungua ukurasa wake, anaondoka akinibariki. Buku liliwekwa kwenye droo isiyo na kufuli, chini ya rimu za karatasi, pamoja na nakala za vitambulisho ambazo wenyewe walizisahau kwenye mashine ya fotokopi.

Kisha siku moja mteja wa kutoka Mutituni akaja na uso umembadilika. Polisi walikuwa wamempigia. Laini ya simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake ilikuwa imetumika kutapeli mtu, na yeye laini hiyo hakuwahi kuiona. Nilimwambia pole. Nikamwambia dunia imeharibika. Alipoondoka nikafungua droo, nikakuta bunda la nakala limepungua. Kijana niliyekuwa nimemwajiri hakurudi kazini wiki iliyofuata.

Sikuiba kitu, mwanangu. Nilikusanya kwa sababu kukusanya kulikuwa rahisi, na kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Tangu hapo mtu akiniambia kampuni fulani ni nzuri, inajali wateja, huwa nakubali tu. Huenda inajali. Mimi pia nilijali. Ninachotaka kujua ni nani mwingine anafika kwenye droo.

Unakumbuka Julai 2023? Watu walijipanga KICC jijini, foleni ndefu ajabu, ili mashine ya Worldcoin yenye umbo la mpira iwapige picha mboni za macho. Malipo yalikuwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Wenzako wengi walienda, na sitawacheka. Mtu mwenye njaa ya kodi ya nyumba haulizi maswali marefu. Tarehe 2 Agosti serikali ikasimamisha shughuli hiyo. Kesi ikaenda mahakamani, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hiyo ifutwe. Lakini hesabu miezi iliyopita kati ya foleni na amri. Nywila ukiibiwa unabadilisha. Mboni utabadilisha na nini?

Na wiki hiyo hiyo ya Julai watu walipokuwa wakipanga foleni, eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, ilishambuliwa. Nilikuwa na wateja wamekaa kwenye benchi wanasubiri, ukurasa unazunguka tu. Serikali ilikiri shambulio, ikasema hakuna data iliyopotea. Kwa hiyo usidhani nakuonya juu ya wageni kama Worldcoin peke yao.

Babu yangu alivaa kipande. Ile sheria ya kuwaandikisha Waafrika wanaume ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya vita. Mwanamume wa miaka 16 na kuendelea alitiwa alama za vidole, akapewa karatasi, akaitia kwenye kikasha cha bati na kukining'iniza shingoni. Ndani yake mwajiri aliandika mshahara wako na siku uliyoacha kazi. Ukitoroka shamba la mkonge kule upande wa Donyo Sabuk, karatasi inakusema popote uendapo. Kilipofutwa, mwaka 1947, mzee alikuwa amekizoea kiasi kwamba, bibi alisema, mkono wake uliendelea kukitafuta kifuani kila alipomwona askari. Sikusimulii haya ili nikwambie kitambulisho ni ukoloni. Nchi inahitaji kujua watu wake. Lakini iulizwe. Ilipokuja Huduma Namba mwaka 2019 tulijipanga kutoa vidole tena, mimi nikiwa wa kwanza kijijini, na Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikasema utoaji wa kadi za Huduma Namba haukufuata sheria, kwa kuwa athari zake kwa data za watu hazikuwa zimetathminiwa kwanza. Kulikuwa na mtu aliyeuliza, kumbe. Hakuwa mimi.

Baada ya maandamano ya Juni 2024, vijana wa rika lako walipoanza kutekwa nyara, sisi wazazi tulijifunza kuulizana maswali mapya: simu yake ilizimika saa ngapi, mara ya mwisho ilishika mnara gani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kujua data yako inatumiwaje, kuiona, kuisahihisha. Ina mlango pia wa usalama wa taifa, na mlango huo ni mpana. Ujue hivyo unapoandika mtandaoni, ukiwa na hasira usiku.

Jambo ambalo nyinyi hamlifikirii kabisa ni kwamba simu yako si yako peke yako. Ukipakua programu ya mkopo na kuipa ruhusa ya majina, umeipa namba yangu, ya mama yako, ya pasta, ya yule msichana. Tulipigiwa sisi ulipochelewa kulipa. Sikukasirika kwa deni. Nilishangaa kwamba mtu nisiyemjua alinitaja kwa jina ulilonihifadhia. Septemba 2023 Kamishna wa Data alitoza kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi 2,975,000 kwa mambo ya aina hii, na nilifurahi. Lakini wewe ndiwe uliyekuwa na kidole.

Sasa hiyo laptopu yako ya mtumba. Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za umri wa yako hazikubaliwi na Windows 11. Fundi atakwambia nunua nyingine. Ngoja kwanza. Jaribu Linux, programu huru ya kuendeshea mashine badala ya Windows. Mimi nilishawahi kuijaribu, mpwa wangu aliponiwekea aina yake iitwayo Ubuntu kwenye mashine za saiba. Wateja wakauliza, "Word iko wapi?" Haikuchukua siku nyingi, nikaifuta nikarudisha Windows ya wizi niliyonunua kwenye sidii River Road. Ilikuja na virusi vyake. Flashi ya mwanafunzi ilichomekwa ikiwa na folda za tasnifu, ikachomolewa imejaa shotikati tupu, na mtoto wa watu analia mbele yangu. Ningevumilia mwezi mmoja tu, watu wangezoea. Wewe iweke Linux kwenye flashi kwanza, uiwashe kutoka hapo bila kufuta kitu, uone kama waifai inashika na printa inaitika. Itakusumbua. Nakala za kazi yako ziweke pembeni kabla hujagusa chochote.

Ila usije ukajiona umejificha. Ukiingia Facebook kwa Linux, Facebook ni ile ile. Na hiyo simu yako ya Android, ndani yake mna Linux vilevile, na bado Google inajua ulipokula chakula cha mchana. Programu huru inakupa usemi zaidi kidogo juu ya mashine yako, basi. Wale wanaoihubiri kama dawa ya kila kitu huwa nawasikiliza kwa heshima, kisha naenda zangu.

Nakuomba kitu kidogo leo jioni, ukishatulia. Kwa laini za Safaricom, bonyeza *106# uone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, usiifute kichwani ukasema utaishughulikia kesho. Peleka kitambulisho dukani kwao ikatwe. Kisha umfanyie mama yako hivyo hivyo, yeye hawezi kusoma yale maandishi madogo. Halafu nipigie, uniambie mmekuta ngapi.